Ngoma ya Buluu Chini ya Ngazi

Harruba, Gozo
15 Januari 1989

Mdogo wangu Wistin,

Nakusalimu sana, wewe na binti yako Doris na wale wajukuu wenye majina yanayonishinda kutamka. Mimi bado nina nguvu za kushika kalamu, na kwa umri wangu hilo nalihesabu kuwa afya njema. Mvua imenyesha wiki nzima. Mbuzi wa jirani yetu Karmnu walipanda ukuta wa makaburi wakala maua ya marehemu wote wa upande wa mashariki, na Jumapili paroko aliwahubiri mbuzi hao kwa ukali kama vile walikuwa wamekaa benchi la mbele.

Picha ya sikukuu yenu ya huko Melbourne imefika. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Wistin, huyo Mtakatifu Roko wenu ana kiuno chembamba mno kwa mwanaume aliyetembea nchi nzima kwa miguu akihudumia wagonjwa wa tauni. Na kwa nini kila mwaka mnampiga picha kutoka mbali, kama mtu anayewadai?

Sasa jambo lenyewe. Daktari alikuja, akausikiliza moyo wangu muda mrefu, akakunja vifaa vyake akaniuliza kama nina ndugu walio mbali. Nikamwambia ninaye mmoja, na amekuwa akipanga kuja likizo tangu alipopanda meli mwaka 1955. Akasema, "Mwalimu, mwambie apange haraka kidogo." Mtoto huyo nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, na alikuwa haongopi hata alipovunja dirisha. Kwa hiyo namwamini.

Basi njoo. Kwanza ilikuwa nauli, kisha nyumba, kisha marehemu mkeo Stella alikuwa anaogopa ndege. Stella amepumzika, nawe umestaafu kiwandani. Nataka nikuone kabla sijafa, na sitaki kukuona katika picha. Njoo mwezi Mei. Bahari inatulia, jua halichomi, na kijijini hakuna sikukuu yoyote ya kusumbua watu.

Usije Agosti. Joto la Agosti si zuri kwa moyo wangu.

Dada yako,
Loreta


Sunshine, Melbourne
4 Februari 1989

Dada yangu mpenzi, Mwalimu Loreta,

Shikamoo nyingi kutoka upande wa chini wa dunia. Sisi hatujambo. Doris amepunguza uzito, mume wake ameuokota. Joto hapa limefanya lami inate kwenye viatu.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nakuja! Doris amekwenda kwa wakala wa safari siku hiyo hiyo. Ila Mei umeitoa wapi, dada? Mtu atoke Australia kwenda Gozo, aje Mei, aangalie nini? Vitunguu? Nakuja Agosti, nifike kabla ya sikukuu ya Roko, nilale chumba cha baba chenye roshani. Nataka kitambaa chekundu cha baba kining'inie pale. Nataka kuiona sanamu ikisimama chini ya roshani yetu na kugeuzwa itutazame, kama ilivyogeuzwa kila mwaka tangu babu alipotoa ule mchango wa taa. Nimeiona ndotoni mara nyingi hadi wabebaji wamenizoea.

Nimeshapanga kila kitu. Kwenye kivuko nitasimama mbele, sitakaa. Siku ya kwanza sungura aliyepikwa kwa mvinyo, mkono wako mwenyewe. Siku ya pili nitakaa kwenye ngazi za klabu yetu nyekundu ya Roko, na kila mtu wa klabu ya buluu ya Mtakatifu Katarina akipita namtazama tu, bila kusema kitu, hadi ajikwae. Na yule Grezzju Ngurumo, mpiga ngoma kubwa wa bendi yao, bado yuko hai? Naomba awe hai. Nataka nimwonyeshe kovu langu. Unakumbuka sikukuu ya mwaka 1954, alipopiga ngoma yake mbele ya mlango wa kanisa makusudi ili bendi yetu isisikike? Nami nikairukia ile ngoma ya buluu kwa miguu yote miwili, nikatokea upande wa pili, naye akanipiga kichwani kwa kirungu chake. Ilikuwa siku nzuri kabisa.

Nakutumia kwa meli bendera nyekundu ya kupandisha juu ya paa. Imeandikwa "Roko Juu." Naomba uipandishe mkesha wa sikukuu ya Katarina, Julai, ili wale mabuluu wasipate usingizi.

Roko wetu hana kiuno chembamba. Ni kivuli.

Mdogo wako,
Wistin


Harruba
2 Machi 1989

Mdogo wangu Wistin,

Salamu kwenu nyote. Mimi nimeamka leo, na huo ndio mwanzo wa habari zangu siku hizi. Milozi imechanua. Salvina, yule jirani yenu wa huko, aliyekuja kutembea baada ya Krismasi, ameweka kangaruu wa jiwe juu ya mlango wa nyumba yake ya hapa kijijini. Fundi hajawahi kumwona kangaruu, kwa hiyo amechonga punda anayeomba.

Kuhusu Agosti, nakuomba ufikirie tena. Kuna nzi. Kuna fataki, nawe ulikuwa na sikio bovu. Na hicho chumba cha baba kinavuja. Najua Agosti hakuna mvua. Kinavuja hivyo hivyo. Kuna hoteli nzuri imefunguliwa Marsalforn, kando ya bahari, ambapo wanabadilisha taulo kila siku. Ungelala huko, nami ningeletwa kukuona kwa gari la mkate, tukakaa tukitazama maji kama watu waliostaarabika.

Bendera ya ukubwa gani? Mlingoti wetu si imara. Na upepo wa Julai ni mbaya.

Umeniuliza habari za Grezzju. Yupo. Bado anapumua.

Dada yako,
Loreta


Sunshine
27 Machi 1989

Dada,

Salamu. Hatujambo. Tiketi zimelipiwa, nafika tarehe 15 Agosti.

Nisikilize vizuri. Mimi nilale hotelini katika kisiwa nilichozaliwa, wakati nyumba ya baba imesimama na mlango wake? Watu watasema nini klabuni? Watasema Loreta na Wistin wamegombana. Je, tumegombana? Kama nimekukosea, niambie. Kama ni kwa sababu sikuja kumzika mama, niambie pia. Hilo najiambia mwenyewe kila Novemba, mwezi wa marehemu.

Halafu kuna jambo lingine. Salvina amerudi, akaja hapa kula chakula cha mchana na kunisifia punda wake. Ananiambia alipita kwako kukusalimu, hukumkaribisha ndani, mkaongea mlangoni. Lakini Salvina ana shingo ndefu. Anasema chini ya ngazi aliona ngoma kubwa. Yenye ukingo wa buluu. Na kando yake viatu vya mwanaume.

Nilimwambia, "Salvina, wewe umezeeka, miwani yako ya mwaka gani?" Akasema, "Wistin, ngoma ni ngoma. Haifanani na kitu kingine."

Dada, kuna ngoma ya mabuluu ndani ya nyumba ya baba?

Wistin


Harruba
16 Aprili 1989

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa salamu za Pasaka. Mwanakondoo alikuwa mgumu.

Kile alichokiona Salvina ni meza. Ni meza ya duara. Naweka juu yake mto, na juu ya mto paka. Viatu ni vya kuwatisha wezi, kama magazeti yanavyoshauri wanawake wanaoishi peke yao.

Bendera imefika. Nimeikunjua sebuleni ikaenda hadi jikoni, ikapita mlango wa nyuma, na jirani akauliza kama tunahama. Ni bendera nzuri. Nitaona.

Hatujagombana. Mama alikufa akikusifu, jambo ambalo lilitukera sisi tuliokuwepo.

Loreta


Harruba
20 Mei 1989

Mdogo wangu mpendwa Wistin,

Nakuandikia nikiwa kitandani, nimeegemezwa mito mitatu. Wiki iliyopita nilianguka jikoni, nikapelekwa hospitali, nikarudishwa. Paroko amenipaka mafuta matakatifu. Hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza nilipona, na nadhani hakunisamehe. Siku hizi nalala sebuleni. Ngazi zimenishinda, na chumba cha juu sijakiona tangu nianguke. Daktari anasema nikitulia nitafika Agosti. Hakutaja Septemba, nami sikumuuliza.

Paroko alipomaliza aliniuliza kama kuna jambo lililobaki moyoni. Nikamwambia, "Lipo, Baba, ila si dhambi. Ni baya zaidi." Akaniambia, "Hilo mwandikie mdogo wako, mimi sina mamlaka nalo." Kumbe alijua. Kumbe kijiji kizima kinajua.

Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, simama, zunguka meza, kisha ukae tena.

Ile si meza. Ni ngoma. Na viatu vina mwenyewe.

Oktoba mwaka jana, katika misa ya alfajiri, katika kanisa ambalo si letu, niliolewa na Grezzju Ngurumo.

Sasa nitakuacha upumue, kisha niendelee.

Unajua kwamba nyumba yake inatazamana na yetu. Tangu uondoke, kila msimu wa sikukuu alinitukana kutoka roshani yake, nami nilimtukana kutoka yetu. Aliniita kibiriti kwa sababu ya wembamba wangu na kitambaa chekundu. Mimi nilimwita pipa tupu. Tuliendelea hivyo akiwa na mke, na mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa akimsahihisha pale aliposahau maneno. Kisha mke akafa. Julai iliyofuata Katarina alipita, bendi yao ikapita, nikatoka roshani nimejiandaa vizuri, nina matusi mapya kabisa. Naye alikuwa amekaa tu kwenye kiti, mikono mapajani. Nilimwita pipa. Hakugeuka.

Sikulala, Wistin. Asubuhi nilivuka barabara na bakuli la mchuzi. Alifungua mlango, akautazama mchuzi, akauliza, "Umetia sumu?" Nikajibu, "Kidogo." Akacheka hadi akashika ukuta. Mwaka mzima nikapeleka mchuzi, kisha yeye akaanza kuja kuuchukua, kisha ikawa ni ujinga kuvusha bakuli barabarani huku watu wakituhesabia.

Utauliza ni nini alichonacho. Nitakwambia. Moyo wangu unakosea mapigo. Unapiga, unasahau, unakumbuka, unakimbilia kufidia. Unapofanya hivyo naogopa sana. Hili sijawahi kumwambia mtu. Yeye hunishika kifundo cha mkono na kupiga kwa kidole juu ya meza, taratibu, hadi moyo unapata aibu na kumfuata. Mtu huyu amepiga ngoma maisha yake yote, hajawahi kukosea pigo. Isipokuwa mara moja, mwaka 1954, na hiyo ni kwa sababu kulikuwa na mtu ndani ya ngoma.

Nilitaka uje Mei, ukae hotelini, unione, uende zako bila kujua. Nilikuwa tayari kukudanganya hadi kaburini. Lakini nimeona kwamba ukinizika utaniona na mume kando ya jeneza, na hapo sitakuwa na uwezo wa kukujibu. Nisamehe. Njoo hata hivyo.

Dada yako,
Loreta


Harruba
19 Juni 1989

Mdogo wangu,

Salamu. Sijambo kwa kadiri yangu. Barua yako haijafika. Huenda posta wana mgomo.

Loreta


Harruba
10 Julai 1989

Wistin,

Salamu kwa Doris. Posta hawana mgomo, nimeuliza.

Nakuandikia habari moja tu, halafu nikuache na hasira zako. Jumamosi ilikuwa mkesha wa Katarina. Nilikuwa nimelala hapa sebuleni, bendera yako imekunjwa juu ya kiti kama mgeni asiyekaribishwa. Nikasema kwa sauti, wala sikuwa nasema na mtu, "Wistin aliomba kitu kimoja tu, na hata hicho sikukifanya."

Grezzju alikuwa anakaza ngozi ya ngoma yake kwa ajili ya maandamano. Akaacha. Akaichukua ile bendera begani, akapanda. Mzee wa miaka themanini na moja, Wistin, ngazi zote, halafu ngazi ya mbao hadi paani. Nilisikia kila hatua na kila tusi. Kisha nikasikia kijiji chote kikinyamaza.

Wanasema ilionekana hadi bandarini. "Roko Juu," katikati ya bendera zote za buluu, mkesha wa Katarina, imepandishwa na mpiga ngoma wa Katarina mwenyewe. Watu wetu walilia kwa furaha. Watu wake walikuja mlangoni. Rais wa klabu yao akamwuliza, "Grezzju, una kichaa?" Akajibu, "Nina shemeji."

Wamemfutia uanachama. Maandamano yalipita na ngoma ilipigwa na kijana mmoja anayepiga kama mtu anayegonga mlango. Grezzju alikaa chini ya ngazi kwenye kiti, ngoma yake mbele yake, mikono mapajani.

Nilidhani ungependa kujua kwamba mlingoti ni imara.

Loreta


Sunshine
26 Julai 1989

Dada yangu,

Salamu. Hatujambo.

Barua yako ya Mei niliiweka ndani ya oveni ili nisiione, na Doris akaoka keki. Ndiyo maana nimechelewa. Hiyo ni sababu ya wiki moja. Wiki nyingine zilizobaki nilikuwa nimekasirika. Bado nimekasirika. Kuna wanaume wangapi Gozo? Kuna wavuvi, kuna wajane wa kiume, kuna wale ndugu wawili wa kinu. Ukamchagua aliyenipasua kichwa.

Lakini umenifungulia moyo nawe unaumwa, na mimi nina kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote nje ya wanaume sita, na wanne wameshakufa.

Unakumbuka mwaka 1967 watu wa Harruba wa huku tulivyochanga tukaagiza sanamu ya Roko kwa fundi wa huko nyumbani. Kasha lilifika bandarini siku moja kabla ya sikukuu. Tukalifungua sisi wabebaji sita, tumevua kofia. Ndani alikuwa Katarina. Katarina mzima, na gurudumu la mateso yake, na macho yake juu mbinguni. Fundi alichanganya makasha. Roko wetu alikuwa njiani kwenda Toronto kwa mabuluu wa Harruba walioko huko, na hadi leo hatujui walimfanya nini.

Watu wote walikuwa wameshaalikwa. Askofu alikuwa ameshakubali. Na mimi nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha viti vya magari, kwa hiyo nilikuwa na gundi, na nilikuwa na manyoya ya farasi ya kujazia viti. Tulimfanyia ndevu, Loreta. Nilizibandika mimi. Gurudumu tulilifunika kwa joho, na yule mbwa ambaye Roko huchongwa naye tulimnunua duka la mapambo ya bustani. Ukimwangalia karibu, mbwa ana mpira mdomoni badala ya mkate.

Tangu mwaka ule nambeba. Upande wa kulia, mbele. Kila Agosti nampaka gundi upya. Stella alipokuwa anaondoka nilikwenda kanisani, nikapiga magoti mbele yake, nikamwita Roko, naye akanitazama na yale macho ya msichana. Sijui nilikuwa naongea na nani. Ila niliinuka nikiwa naweza kutembea hadi nyumbani.

Kwa hiyo sina ujasiri wa kukuuliza kwa nini umeweka buluu ndani ya nyumba ya baba.

Nakuja. Sili meza moja na yule mpiga ngoma, wala siongei naye. Asinizungumzishe habari za bendera, nisije nikamshukuru kwa bahati mbaya.

Barua hii ichome. USIMWAMBIE.

Wistin


Harruba, chumba cha chini
16 Agosti 1989, asubuhi

Mdogo wangu uliye juu,

Nakusalimu sana wewe na hali yako huko ghorofani. Sisi huku chini hatujambo. Hali ya hewa ni joto. Natumaini na kwenu ni hivyo hivyo.

Jana nilikaa mlangoni toka mapema, nimevaa gauni la kijivu, nikisubiri gari kutoka kivukoni. Nilikuona ukishuka. Umekuwa mzee, Wistin, una masikio ya baba. Ulinikumbatia hadi mito ikaanguka, nami nikasema moyoni, sasa hata nikifa. Kisha Grezzju akatoka jikoni, kavaa shati safi, kakunyooshea mkono, na akasema, "Karibu nyumbani, Katarina mwenye ndevu!"

Tangu hapo nimeona kisogo chako tu, kikipanda ngazi.

Najua uliniambia nisimwambie. Sikumwambia. Nilimsomea. Alicheka hadi nikamwita daktari. Lakini nilipofika pale pa Stella aliacha kucheka, akatoka nje, akakaa barabarani muda mrefu. Jana alikuwa ameandaa hotuba nzima ya kukukaribisha, ya heshima kabisa. Alipokuona akaogopa, na akiogopa hutukana. Ndivyo alivyonichumbia mimi.

Barua hii anakuletea yeye. Ataisukuma chini ya mlango. Usimpige.

Loreta


Chumba cha baba, juu
16 Agosti, asubuhi hiyo hiyo

Dada,

Salamu zimefika. Huku juu hatujambo, ila njaa. Nasikia harufu ya sungura, na nadhani mmefungua mlango wa jikoni makusudi.

Chumba hakivuji.

Nimetoka roshani nikaona kitambaa cha baba kimeshaning'inizwa, kimepigwa pasi. Nani amekipiga pasi?

Sishuki. Umemsomea siri yangu mtu aliyeipasua ngoma kwa kichwa changu, au vyovyote ilivyokuwa. Nitamwangalia Roko kutoka hapa, kisha tutaona.

Wistin


Chumba cha chini
16 Agosti, mchana

Wistin,

Kitambaa kimepigwa pasi na yule uliyemkanyagia ngoma. Amekiunguza kidogo upande wa kushoto na amekigeuza usione.

Sasa nisikilize, kwa maana napumua kwa shida na sitaandika nyingine. Jioni Roko atasimama chini ya roshani yetu, wabebaji watamgeuza, naye atatazama juu. Nimekuwa pale juu kila mwaka wa maisha yangu. Mwaka huu atamwona nani? Wewe peke yako, umenuna.

Nataka kuwa pale, Wistin. Ngazi siwezi kuzipanda. Grezzju alijaribu wiki iliyopita kunibeba kwenye kiti peke yake. Tulifika ngazi ya tatu, tukakaa hapo tukila zabibu hadi jirani akaja kutushusha. Kiti kinahitaji watu wawili, na wanaume wote wa Roko wako kanisani, na wanaume wa Katarina hawapiti tena mlangoni kwetu.

Umevuka bahari zote zilizokuwepo. Zimebaki ngazi hizi, na za kwenda chini ni rahisi.

Kiti changu kimeshasogezwa. Kina miguu minne na mishikio miwili. Wewe ni mbebaji, kama unavyodai.

Dada yako,
Loreta


Juu
Mchana

Dada,

Nashuka.

Vaa gauni la kijivu. Mwambie aondoe ngoma chini ya ngazi, aipandishe kwanza yeye huku roshani, kwa sababu yule kijana wa bendi yetu naye nimemsikia asubuhi, anapiga kama mtu anayegonga mlango, na Roko hawezi kugeuzwa kwa pigo la namna hiyo.

Na mwambie shemeji ashike mshikio wa kushoto. Mimi nimezoea kulia.

Wistin